Theluji Isiyo Theluji: Kipindi cha Krismasi cha Doctor Who Kinavyoundwa

Tarehe 25 Desemba 2005, dakika za mwisho za The Christmas Invasion. Weupe unaanguka taratibu juu ya magorofa ya kupanga jijini London. Rose, msafiri mwenzake Doctor, anaangalia juu, anaona vitu vinawaka angani, anauliza kama ni vimondo. Doctor anamwambia hapana, ni chombo cha adui kinachosambaratika huko juu. Na hii inayotuangukia si theluji, ni majivu.

Mwaka uliofuata, katika The Runaway Bride, theluji inamwangukia Donna, bibi harusi wa hadithi hiyo, nje ya nyumba ya wazazi wake kwa sababu Doctor ameichokoza anga kwa mitambo ya TARDIS, chombo chake cha safari. Mwaka 2007, katika Voyage of the Damned, ni farumi iliyomwagwa na meli ya angani iliyokuwa inaporomoka kuelekea jumba la Malkia. Miaka mitatu mfululizo mtazamaji wa Uingereza alipewa theluji aliyoitaka, na miaka mitatu mfululizo akaambiwa si yenyewe. Mzaha huo unaonyesha jinsi kazi hii inavyofanywa: mpe mtu mapambo ya sikukuu, lakini kila pambo lilipiwe ndani ya hadithi.

Kwa asiyekijua: Doctor Who ni mfululizo wa BBC ulioanza tarehe 23 Novemba 1963. Msafiri mmoja asiye mwanadamu aitwaye Doctor, kibanda cha buluu cha polisi ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje, na hila moja iliyouweka hai hadi leo: msafiri huyo akikaribia kufa hubadilika mwili, na mwigizaji mwingine akachukua nafasi. Ulisimama mwaka 1989, ukajaribiwa kwa filamu moja ya televisheni mwaka 1996, ukarudi kwa kudumu 2005. Kuanzia mwaka huo hadi 2017 kulikuwa na kipindi maalumu kila tarehe 25 Desemba bila kukosa, vipindi 13. Baadaye vikahamia Mwaka Mpya chini ya mwandishi mkuu Chris Chibnall, kisha vikarudi Krismasi mwaka 2023.

Ili uelewe kwa nini vinaandikwa vinavyoandikwa, lazima uifahamu jioni yenyewe. London siku hiyo jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Treni na mabasi karibu yote yamelala. Watu wameshiba, wamefungiwa ndani na giza, na kwenye kochi moja amekaa mtoto anayejua jina la kila sayari ya mfululizo, bibi yake asiyejua hata moja, na shemeji aliyekuja kula tu. Vipindi vya kawaida huandikiwa mtoto. Hiki huandikiwa shemeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ule umati wa wasiojua ndio uliokuwa mara nyingi unapandisha idadi ya watazamaji kupita vipindi vya msimu wa kawaida.

Kutokana na shemeji huyo zinazaliwa kanuni zote. Hadithi ianze na kuisha siku ile ile. Awepo mtu mpya ambaye naye hajui lolote, ili maswali yake yawe ya mtazamaji. Mtu huyo achezwe na sura ambayo nchi nzima inaifahamu: Catherine Tate 2006, Kylie Minogue 2007, David Morrissey 2008, Michael Gambon 2010, Nick Frost 2014. Hatari ieleweke kwa macho kabla ya kuelezwa kwa maneno. Na kitu kimoja cha sikukuu kigeuzwe kuwa tishio: mti wa Krismasi unaozunguka kama msumeno, bendi ya Baba Krismasi wa roboti ambao matarumbeta yao ni silaha, malaika wa dhahabu wanaorusha duara zao za kichwani kama visu.

Russell T Davies, mwandishi mkuu wa wakati huo, alizifuata kanuni hizi kwa ujanja wa pekee mwaka 2005. David Tennant alikuwa mgeni katika nafasi ya Doctor, na nchi ilikuwa inamngoja. Davies alimlaza kitandani. Zaidi ya nusu ya kipindi Doctor ana pajama na hana fahamu, na Dunia inavamiwa bila yeye. Theluthi moja ya watu wote, wenye damu ya kundi A, wanasimama ukingoni mwa mapaa wakisubiri amri ya kuruka. Kinachomwamsha ni chupa ya chai ya mama yake Rose, iliyomwagikia mitambo ikatoa mvuke. Chai! Kwa Mwingereza huo ni utani wa kitaifa, na kwa mjenzi wa hadithi ni fundisho: dawa ilikuwa imewekwa wazi mezani tangu mapema, mbele ya macho ya wote, ikionekana kama pilikapilika za mama tu.

Ila Davies hakuwa wa kwanza. Tarehe 25 Desemba 1965 iliangukia Jumamosi, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya Doctor Who. Tatizo ni kwamba mfululizo ulikuwa katikati ya The Daleks' Master Plan, hadithi ya sehemu 12 yenye vifo na giza. BBC haikutaka Dalek, maadui wakubwa wa Doctor, wawatishe watoto siku hiyo. Kwa hiyo sehemu ya saba, The Feast of Steven, ikaandikwa iweze kuchomolewa bila kuacha pengo: Doctor na wenzake wanaingia kituo cha polisi kaskazini mwa Uingereza, kisha wanavuruga studio ya filamu zisizo na sauti Hollywood. Mwishoni William Hartnell, Doctor wa kwanza, anainua glasi, anaigeukia kamera, na kuwatakia Krismasi njema wote walioko nyumbani. Wako mashabiki ambao hadi leo hawajamsamehe kwa kuwasemesha watazamaji.

Uwezo wa kuchomolewa ndio uliokiua. Hadithi ile ilipotayarishwa kwa wanunuzi wa nje, iliorodheshwa kama ya sehemu 11. Kisha BBC, iliyokuwa inafuta kanda ili kuzitumia tena, ikaifuta. Vipindi vingine vya miaka ya 1960 viliokolewa na nakala za filamu zilizosafirishwa ng'ambo; hiki hakikuwa na safari hiyo. Kilichobaki ni sauti, kwa sababu wapo watazamaji waliorekodi televisheni kwa tepu majumbani mwao. Dakika zisizozidi 25 za kelele, vicheko na ile salamu ya Hartnell.

Baada yake pengo la miaka 40. Katikati liko jaribio la tarehe 28 Desemba 1981, K-9 and Company, ambapo mwandani wa zamani Sarah Jane Smith na mbwa wa roboti walipewa kipindi chao cha dakika 50 wakipambana na wachawi wa kijijini. Mnara wa Winter Hill uliharibika na sehemu ya kaskazini-magharibi ya Uingereza ikakosa matangazo. Hata hivyo watu milioni 8.4 walitazama. Mfululizo haukufuata. Ukikitazama leo sababu moja inaonekana haraka: kipindi kinashindwa kuamua kama mbwa ni shujaa au ni kichekesho.

Turudi kwenye theluji, maana wengi hudhani inaletwa na hali ya hewa. The Runaway Bride ilirekodiwa Julai 2006. A Christmas Carol ilianza kurekodiwa Julai 2010, The Snowmen ni Agosti 2012. Yaani waigizaji wamevaa makoti ya sufu kwenye joto, na miti ya Cardiff, mji wa Wales vilikorekodiwa, imejaa majani mabichi. Ndiyo maana vipindi hivi vinapenda usiku, vichochoro vya zama za Victoria, ndani ya meli na ndani ya hoteli. Mti wenye majani katika picha ya Desemba unaharibu kila kitu, na kuuondoa kwa kompyuta ni gharama kwa kila sekunde ambayo kamera inasogea.

Theluji ya ardhini kwenye kazi za namna hii kwa kawaida ni karatasi iliyosagwa. Unaanza kwa kutandika kitambaa cheupe, hasa juu ya nyasi au mawe ya kihistoria, ili siku ya pili usafishe kwa kukunja badala ya kufagia. Juu yake unapuliza karatasi ya chembe kubwa kwa mashine yenye bomba, ikichanganywa na maji kidogo ili ishike. Halafu chembe ndogo juu kabisa, upande wa kamera tu. Maji yakizidi unapata uji wa kijivu. Yakipungua upepo unaibeba yote. Ile inayoanguka huwa ni povu. Povu lina ubaya wake: likigusa koti jeusi linaacha doa la unyevu badala ya chembe nyeupe, na likimwingia mwigizaji machoni mnapumzika wote. Karatasi haitoi ule mlio wa kukanyaga theluji, kwa hiyo nyayo hurekodiwa upya studio. Na kiangazi hakuna pumzi inayoonekana mdomoni. Ukiona mvuke kwenye picha ya Julai, ujue umechorwa baadaye.

Kwa hiyo theluji ni ghali, na mwandishi mwenye akili huifanya ifanye kazi. The Snowmen ndiyo iliyokwenda mbali zaidi: London ya 1892, theluji yenye kumbukumbu, inayochukua umbo la unachokiwaza. Ukiwaza mtu wa theluji mwenye meno, anachomoza mbele yako. Silaha dhidi yake ni kuwaza kwamba anayeyuka. Nayo theluji inaishia kuyeyuka kuwa mvua ya chumvi, kwa machozi ya familia moja inayolia usiku wa mkesha.

Sasa kile ambacho naona ni bora kuliko vyote: A Christmas Carol, 2010, mwandishi Steven Moffat, mwongozaji Toby Haynes. Kuna chombo chenye watu 4,003 kinaanguka katika mawingu ya sayari fulani. Mtu mmoja tu anaweza kuyafungua mawingu, mzee tajiri Kazran Sardick, naye hajali. Mtambo unamtii yeye peke yake. Doctor ana saa moja.

Kiunzi ni cha Charles Dickens, ile hadithi ya 1843 ya bahili na mizuka mitatu, na kipindi hakijifichi. Uzuri uko katika matumizi ya safari za wakati. Doctor anarudi utotoni mwa Kazran na kuanza kumbadilishia maisha, huku mzee akiwa amekaa kitini, kumbukumbu mpya zikimwingia kichwani moja baada ya nyingine. Kila mkesha wa Krismasi Doctor na kijana wanamwamsha Abigail, mwanamke aliyehifadhiwa kwenye barafu kama dhamana ya deni la familia yake. Kila anapoamshwa namba kwenye sanduku lake inapungua. Moffat haielezi mapema; mtoto mwenye jicho kali anaigundua, bibi haioni, na wote wawili wanalia dakika ile ile inapofichuka kwamba zile zilikuwa siku zake za kuishi na imebaki moja.

Kisha mzuka wa tatu. Kila anayeijua hadithi ya Dickens anangoja mzee aonyeshwe kaburi lake. Kazran mwenyewe anangoja, anamdhihaki Doctor: nionyeshe basi nitakavyokufa, unadhani nitashtuka? Doctor hajamwendea mzee kumwonyesha kesho yake. Amemleta mtoto Kazran, amesimama mlangoni, naye anaitazama kesho yake iliyokaa kitini. Kesho hiyo ni mzee mwenye mkono ulioinuliwa kumpiga, kama baba yake alivyokuwa akimpiga yeye. Hapo mzee anavunjika.

Na bado haijaisha, kwani mtambo sasa unamkataa. Umetengenezwa umtii Kazran yule aliyelelewa kwa ukatili. Huyu aliyebadilika, mtambo haumtambui. Doctor amemtengeneza mtu kupita kiasi. Tatizo la mwisho limezaliwa na suluhisho la kwanza, na ndiyo maana wimbo wa Abigail, ulioimbwa na Katherine Jenkins kuituliza anga, haumaanishi kwamba mwimbaji maarufu amepewa nafasi ya kuonekana. Wimbo huo unatumia siku yake ya mwisho.

Kwa msomaji wa pwani, ambako Desemba ni kaskazi na jasho, ipo sentensi moja ya mwanzo ya kipindi hiki inayohitaji ufafanuzi: Krismasi inaelezwa kuwa ni nusu ya safari ya kutoka gizani. Karibu na ikweta siku hazirefuki wala kufupika kwa kiasi cha kuhisiwa. Kule juu, siku fupi kuliko zote ni karibu na tarehe 21 Desemba, na baada yake mwanga unaanza kurudi dakika kwa dakika. Ondoa hilo na kipindi kinabaki na samaki wa sayari ile wanaoruka kwenye ukungu tu.

Vinaharibika wapi? Karibu kila mara ni pale shemeji anaposahaulika. The Time of the Doctor, 2013, ilipewa dakika 60 zifunge madeni ya miaka mitatu: nyufa za ukutani za 2010, kanisa la The Silence, swali la jina, na kikomo cha kubadilika mwili mara 12. Juu ya hayo imuage Matt Smith, Doctor wa wakati huo. Inasimulia mamia ya miaka Doctor akilinda mji mmoja mdogo uitwao Christmas, na sehemu kubwa ya miaka hiyo inapita kwa sauti ya msimulizi. Mgeni sebuleni hana pa kushika. Cha ajabu, utani wake bora ulitokana na ajali ya ratiba: Smith alikuwa amenyoa kichwa kwa ajili ya filamu, akavaa wigi; Moffat akaliandika wigi ndani ya hadithi, Doctor akalivua na kutoa ufunguo wa akiba wa TARDIS uliofichwa chini yake.

The Doctor, the Widow and the Wardrobe, 2011, ina kosa la aina nyingine. Mwanzo mzuri, mtoto anafungua zawadi kabla ya siku yake na kukuta msitu. Lakini tishio ni mvua ya asidi itakayoteketeza miti, nasi hatujapewa sababu ya kuipenda miti hiyo. Bill Bailey, mchekeshaji anayejulikana nchi nzima, anaingia, anasema machache, anatoweka. Ukimwalika mtu wa namna hiyo, mpe kazi.

Joy to the World ya 2024 ni kesi ngumu zaidi, maana kilichoiharibu ndicho kilicho bora ndani yake. Nicola Coughlan ni Joy, na mwisho wote umejengwa juu yake. Lakini katikati Doctor anakwama mwaka mzima katika hoteli ya kawaida London, anafanya kazi za kurekebisha vitu, na anajenga urafiki na meneja, Anita: viti viwili, michezo ya mezani, mazungumzo ya jioni. Ni maandishi mazuri sana, na yanakula dakika ambazo Joy alizihitaji. Anapogeuka nyota ya Bethlehemu, tunamfahamu kidogo kuliko tunavyomfahamu Anita.

Kuhusu takwimu, onyo moja kwa wanaobishana mitandaoni. Voyage of the Damned ilitazamwa na milioni 13.31 na The Next Doctor milioni 13.10, hizo ni hesabu zilizojumlisha waliorekodi na kutazama ndani ya siku saba. Usizilinganishe na hesabu ya usiku mmoja. The Church on Ruby Road ya 2023 ilianza na milioni 4.73 usiku ule, ikafika 7.49 baada ya wiki. Saa nayo ina uzito: 2005 kipindi kilianza saa moja jioni, mwaka 2012 na 2015 saa kumi na moja na robo, wakati baadhi ya watu bado wako mezani.

Ruby Road ndiyo ilikuwa safari kamili ya kwanza ya Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali mwaka 1992, ambaye familia yake ilikimbia mauaji ya kimbari ya 1994, akakulia Scotland. Majini wa hadithi hii, wanaokula watoto wachanga, husafiri kwa merikebu ya kamba na mafundo, na sayansi yao ni sadfa: kila ajali ndogo inayokupata ni fundo lao linakazwa. Hapo theluji ilirudi. Inaanguka juu ya kanisa mkesha wa Krismasi wa 2004, mtoto Ruby anapoachwa mlangoni, na katika msimu wa 2024 itamfuata hadi ndani ya vyumba vilivyofungwa, kutoka kwenye kumbukumbu yenyewe.

Anayetaka kuanza, aanze na A Christmas Carol. Hakidai ujuzi wowote. Pili The Runaway Bride. Tatu Last Christmas, ya viumbe wanaokula ubongo huku ukiota: jaribio lao la kujua kama unaota ni kila mtu kufungua kitabu kile kile, ukurasa ule ule, na kusoma neno la kwanza, maneno yakitofautiana, bado mmelala. The Husbands of River Song inaweza kuonwa hata na asiyemjua River, mke wa Doctor, kwa kuwa naye River hamtambui Doctor mwenye sura mpya, lakini dakika kumi za mwisho zitamgusa zaidi aliyeona vipindi vya maktaba vya 2008. Twice Upon a Time ya 2017 iwekwe mwisho. Haina adui kabisa, inaanza kwa picha nyeusi na nyeupe za Hartnell wa 1966 zikibadilika polepole kuwa mwigizaji David Bradley kwa rangi, na kwenye Ncha ya Kusini chembe za theluji zimesimama hewani, hazianguki.